UZI: Kompyuta moja Gatwekera na miaka mia ya kubishania stima

1/ Kila msimu wa siasa kuna mjadala huu: "Watu wa mabanda wanaiba stima ndiyo maana bei iko juu." Upande wa pili nao: "Stima ni haki, wapewe bure." Leo sitaji chama wala mheshimiwa yeyote. Tunaanza na kompyuta ya mezani ndani ya nyumba ya bati wadi ya Sarang'ombe, halafu tunarudi nyuma hadi 1875. Chukueni chai, uzi ni mrefu.

2/ Tuseme kuna kijana Gatwekera, anahariri video za wateja wa ng'ambo. Amejichanga akanunua kompyuta ya nguvu, ile yenye kadi kubwa ya grafiki. Siku ya pili mwenye ploti anabisha hodi: "Hiyo mashine yako inakula stima ya ploti nzima. Iondoe ama uhame." Ni nani yuko sawa hapo? Twende kwa hesabu kwanza, siasa baadaye.

3/ Nyuma ya mashine pameandikwa wati 750. Mwenye ploti ameona hiyo namba akashtuka. Lakini 750 ni kiwango cha juu ambacho pawasaplai inaweza kutoa, sio kile inachokula kila saa. Ni kama spidomita ya matatu: kuandikwa 180 haimaanishi inatembea 180 Ngong Road.

4/ Mashine kama hiyo ikiwa imekaa tu, labda umefungua barua pepe, hula kama wati 60 hadi 100. Ikifanya kazi nzito ya video ama gemu, wati 400 hivi, na zile kubwa zaidi huvuka 500. Ongeza skrini, wati 30. Basi tuseme 430 kazini.

5/ Uniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati 430 × saa 6 = uniti 2.58 kwa siku. Siku 26 za kazi = uniti 67 kwa mwezi. Ukiweka shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ili hesabu iwe rahisi, ni kama 2,000. Laptopu ya wati 50 kwa saa zilezile? Uniti 8. Kama shilingi 240.

6/ Kwa hivyo mwenye ploti hajadanganya kabisa. Lakini tuwe wakweli: koili ya kupikia ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti nzima. Kompyuta ingechukua zaidi ya saa mbili kufika hapo. Na koili ziko ngapi kwenye hiyo ploti? Hakuna aliyebisha hodi kuuliza koili.

7/ Sasa historia. Historia ya kampuni ya stima yenyewe husimulia kwamba mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuangaza jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua jenereta hiyo, na hapo ikazaliwa kampuni ya stima ya Mombasa.

8/ Mwaka huohuo 1908, mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya pekee ya kuuza stima Nairobi. Tulia hapo kidogo: haki ya PEKEE. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi zikaunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Mjadala wa "mbona muuzaji ni mmoja tu" una zaidi ya miaka mia. Haukuanza na Tiwtter zenu.

9/ Wakati nyaya zinavutwa kwenda kwa walowezi na madukani mjini, Kibera ilikuwa wapi? Ilikuwa msitu. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walikuwa wameketishwa hapo, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la kijeshi. Walipewa mahali pa kukaa. Hati hawakupewa.

10/ Shikilia hiyo point ya hati, ndiyo mzizi wa uzi huu. Bila hati wewe ni mkaaji tu, unaweza kuambiwa uondoke wakati wowote. Na kampuni haiweki nguzo na transfoma mahali ambapo kesho patabomolewa. Wanubi walipata hati ya jamii mwaka 2017, ya ekari 288. Kutoka 4,197 hadi 288. Piga hesabu mwenyewe ya miaka.

11/ Baada ya vita vya pili stima ikaanza kuwa jambo la nchi nzima. 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa Jinja, na mwaka huo Kenya Power Company ikaundwa kuleta stima ya Uganda. Baada ya uhuru yakaja mabwawa ya Mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Na 1981 mvuke wa Olkaria ukaanza kuzalisha stima.

12/ Mwaka huohuo 1981, kule Marekani, IBM walitoa kompyuta yao ya kwanza ya watu binafsi. Pawasaplai yake ilikuwa ya wati 63.5. Yaani taa moja ya zamani. Mwaka 2022 ikatoka kadi ya grafiki ya RTX 4090, na hiyo kadi PEKE YAKE imepewa kiwango cha wati 450. Ni kama kompyuta saba za 1981, na bado hujahesabu prosesa.

13/ Kwa hivyo kuna historia mbili zilizokuwa zinakimbia sambamba. Mashine za kazi zilikuwa zinaongeza njaa, na stima ilikuwa inazidi kuzalishwa. Lakini nyaya zilipofika Sarang'ombe, zilifika nusu nusu. Olympic na Ayany, nyumba za kupangwa, zilikuwa na mita. Ukivuka barabara ukashuka Gatwekera, Kianda au Soweto, ilikuwa koroboi na mafuta taa. Wadi moja, dunia mbili.

14/ Katika huo mwanya ndimo ilimoingia SAMBAZA. Fundi anatoa waya kwenye laini ya kampuni, anagawia nyumba hii na ile, kama unavyosambaza salio la simu. Unalipa mia chache kwa mwezi, hakuna mita, hakuna maswali. Uwashe balbu moja ama koili mbili, bei ni ileile.

15/ Watu huko nje husema "wanapata stima ya bure." Hapana. Wanalipa. Tofauti ni wanamlipa nani. Na hicho kiasi kwa mtu mwenye balbu moja na redio, mara nyingi ni ghali kuliko angelipa kwa mita. Anayenufaika na sambaza ni yule mwenye mizigo mizito. Maskini kabisa ndiye anamlipia mwenzake koili.

16/ Halafu kuna hatari, na hapa kompyuta inarudi. Stima ya Kenya inafaa kuwa volti 240. Kwenye waya mrefu mwembamba wa sambaza, jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka sana. Balbu ya zamani ikipata volti kidogo hufifia tu na kula kidogo. Kompyuta haifanyi hivyo. Pawasaplai yake ikikosa volti, huvuta ampea zaidi ili ifikishe wati zake.

17/ Wati 480 kwa volti 240 ni ampea 2. Wati hizohizo kwa volti 160 ni ampea 3. Unaona ni moja tu imeongezeka, lakini joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa ampea: 4 inakuwa 9. Zaidi ya mara mbili. Waya huo umepita kwenye bati na mbao, juu ya vichwa vya watoto wanaolala. Mioto ya usiku mabandani haitoki kwa mashetani.

18/ Serikali na kampuni walijaribu nini? Kwa miaka mingi ilikuwa msako: kuja na polisi, kukata nyaya, kuondoka. Jioni nyaya zimerudi. Baadaye ukaja mpango wa kuunganisha mabanda kwa mita za tokeni, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ada ya kuunganishwa ikiwa shilingi 1,160 badala ya makumi ya maelfu.

19/ Mwanzoni ulikwama. Watu hawakuuamini, na mafundi wa sambaza walikuwa na mkate wao wa kulinda. Kampuni ikabadilisha mbinu: ikaanza kuongea na wazee wa mtaa na vikundi vya vijana kabla ya kuweka nguzo. Kwa hesabu ya Benki ya Dunia, miunganisho mabandani nchini ilipanda kutoka kama 5,000 hadi 150,000 kwa mwaka mmoja, kati ya 2014 na 2015. Nguvu ilishindwa, mazungumzo yakafanya kazi.

20/ Lakini sambaza haikuisha. Kwa nini? Kwa sababu mita ni mlango tu. Ndani ya mlango kuna BEI, na hapa ndipo wanasiasa hupenda kuongea haraka ili usisikie vizuri.

21/ Kabla ya katikati ya 2018: uniti 50 za kwanza zilikuwa 2.50 bei ya msingi, lakini ulilipa ada ya kudumu ya 150 kila mwezi, utumie usitumie. 2018 ada hiyo ikaondolewa, na punguzo la mnyonge likashushwa hadi uniti 10. Kelele zikapigwa, na kabla ya mwaka kuisha likapandishwa hadi uniti 100. Aprili 2023 likashushwa tena hadi uniti 30. Sasa kuna madaraja matatu: hadi 30, hadi 100, na zaidi ya 100.

22/ Swali la kisiasa halisi ni hili: nani aliamua kwamba mnyonge ni mtu wa uniti 30? Balbu mbili, televisheni ndogo, kuchaji simu, redio: hiyo ni kama uniti 14 kwa mwezi. Sawa, anatosha. Akiongeza kompyuta ya kazi, uniti 67, anafika 81. Hajatajirika. Ameanza tu kufanya kazi. Lakini kwenye mfumo wa bei amepanda daraja, na bei mpya inashika uniti zake zote.

23/ Halafu hii ndiyo inaniuma zaidi. Ploti nyingi zina mita MOJA kwa vyumba vingi. Vyumba 8 × uniti 14 = 112. Hakuna kompyuta hapo, hakuna koili, ni watu wanane maskini. Lakini mita haihesabu watu. Inaona mteja mmoja wa uniti 112 na kumweka daraja la juu kabisa, pamoja na nyumba yenye friji mbili na hita ya kuoga. Punguzo la maskini linawapita maskini kwa sababu wanaishi pamoja.

24/ Sasa rudi kwa mwenye ploti wetu. Kodi yake imejumlisha stima. Mita iko tayari daraja la juu. Kila uniti ya kompyuta inatoka mfukoni mwake. Kumfukuza kijana ni hesabu, sio roho mbaya. Na kijana akihama, ataenda wapi? Kwa sambaza, kwa waya ule wa ampea 3. Sheria ya Nishati inamwita mhalifu. Mfumo wa bei ndio ulimwonyesha njia.

25/ "Lakini wizi unapandisha bei yetu sote!" Kweli, kwa sehemu. Zaidi ya asilimia 20 ya stima inayonunuliwa na kampuni haifiki kwenye bili, na sehemu ya hasara hiyo huruhusiwa kuingizwa kwenye bei unayolipa. Lakini humo ndani kuna wizi wa mabandani, wizi wa viwanda na majumba makubwa, na pia joto linalopotea kwenye nyaya zilizochoka. Anayekwambia yote ni Kibera anakuuzia kisingizio.

26/ Na anayesema "bure kwa wote" naye aulizwe: bure hadi uniti ngapi? Nani analipa mvuke wa Olkaria na transfoma ikilipuka? Sambaza ilishatuonyesha stima isiyopimwa huishia wapi: mwenye koili hufaidi, mwenye balbu hulipa.

27/ Kwa kijana wetu, ushauri wa haraka. Nunua kipimo kidogo cha soketi uonyeshe mwenye ploti namba, sio maneno. Zima mashine usiku, usiiache imelala. Gemu ikiwa haihitaji fremu 144, ziwekee kikomo. Kazi nyepesi fanyia laptopu. Weka mita ndogo ya chumba chako, ulipe unachokula. Ugomvi mwingi wa ploti huisha hapo.

28/ Kwa wewe mpiga kura, maswali manne ya kumuuliza yeyote atakayepanda jukwaani Olympic. Moja: kila chumba kitapata lini mita yake? Mbili: mita ya ploti itahesabiwaje, kwa mlango ama kwa nyumba? Tatu: kwa nini kiwango cha mnyonge kimepanda na kushuka tangu 2018, na utakiweka wapi? Nne: ardhi bila hati, nguzo itasimama juu ya ahadi gani?

29/ Jenereta ya Sultani iliangaza jumba na mitaa ya karibu. Waliokaa mbali waliona mwanga tu. Miaka 150 baadaye stima imefika hadi chumbani Gatwekera, na bado tunamuuliza aliyeiwasha kwa nini anaihitaji.

30/ Mwisho wa uzi. Ukiwa umejifunza kitu, usambaze. Huu ni halali, hauhitaji fundi.