Ngoma na Ubalozi: Matamasha ya Dakar, Algiers na Lagos, 1966–1977

Taifa lililotoka katika ukoloni lilipokwisha kupata bendera, wimbo wa taifa na kiti katika Umoja wa Mataifa, lilibakiwa na kazi ambayo mabalozi wake hawakuimudu peke yao, nayo ni kujieleza mbele ya mataifa mengine kwa sauti yake lenyewe. Kazi hiyo walikabidhiwa wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji. Baina ya mwaka 1966 na 1977 serikali za Kiafrika zilikutana katika matamasha makuu matatu, ya Dakar, Algiers na Lagos, ambayo aghalabu husimuliwa kama sherehe tu. Hata hivyo, nyuma ya vifijo palikuwa na mzozo uliohama kutoka mji hadi mji: ni nani astahiliye kuitwa Mwafrika, na ni nani mwenye haki ya kuimba kwa niaba yake?

Dakar ilitangulia, tarehe 1 hadi 24 Aprili 1966. Rais Léopold Sédar Senghor wa Senegali, mshairi kabla ya kuwa mwanasiasa, aliliita tamasha hilo la sanaa za watu weusi, na jina lenyewe lilikuwa mpaka. Falsafa yake ya Negritudi, yaani fahari ya utu na utamaduni wa mtu mweusi, iliwakumbatia ndugu walio ng'ambo ya Atlantiki, lakini haikujua imweke wapi Mwarabu wa Aljeria aliye katika bara lilo hilo. Gini ya Sékou Touré haikuhudhuria. Mataifa makubwa yalihudhuria kwa namna yake: Marekani ilimleta Duke Ellington na bendi yake, ilhali meli ya Kisovieti ilitia nanga bandarini ikawa malazi ya wageni. Mwaka uliofuata ilifichuka kwamba chama cha Marekani kilichosaidia kuandaa ushiriki wa nchi hiyo kilikuwa kikipokea fedha za shirika la ujasusi la CIA. Jambo hilo halipunguzi utamu wa piano ya Ellington. Laonyesha tu kwamba aliyelipa nauli alikuwa na haja yake.

Jibu la Dakar lilitolewa Algiers, kuanzia tarehe 21 Julai hadi 1 Agosti 1969, chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapa neno "weusi" liliachwa, likashikwa neno "Afrika" lote zima, kutoka Rasi hadi Bahari ya Kati. Aljeria ilikuwa imejipatia uhuru mwaka 1962 baada ya vita vya karibu miaka minane, na kwa watawala wake utamaduni haukuwa rangi ya ngozi bali silaha ya ukombozi. Ndiyo maana harakati zilizokuwa bado zikipigana na Wareno zilialikwa pamoja na serikali huru. Katika mikutano ya mabalozi, asiye na dola husimama mlangoni. Katika tamasha hili aliweza kupanda jukwaani. Yafaa kusema wazi kwamba hilo ndilo lililoipa Algiers uzito ambao Dakar haikuupata, na Lagos haikuufikia.

Miriam Makeba ni mfano ulio bora. Serikali ya makaburu ilikuwa imemzuia kurudi kwao Afrika Kusini tangu 1960; sasa alikuwa amehamia Gini, akawaimbia Waaljeria. Naye Archie Shepp, mpiga saksafoni kutoka Marekani, alipiga muziki pamoja na Watuareg wa jangwani. Wakati huohuo, katika ukumbi wa majadiliano, ujumbe wa Sékou Touré uliishambulia Negritudi bila kumung'unya maneno, naye Stanislas Adotevi wa Dahomey akaongeza makali.

Lakini Gini iliyojitokeza Algiers kwa fahari ilikuwa na kivuli chake. Tangu uhuru wa 1958 serikali yake ilikuwa imezigharimia bendi na kuwafanya wanamuziki watumishi wa taifa. Bembeya Jazz, iliyopandishwa kuwa bendi ya kitaifa, ilifika Algiers na utenzi wa muziki juu ya Samori Touré, aliyewapinga Wafaransa hadi alipokamatwa mwaka 1898. Hakuna ubalozi ulioweza kuieleza historia hiyo kwa ufasaha kama magitaa yale. Aliyeionyesha Gini njia hiyo, Fodéba Keïta, mwanzilishi wa Les Ballets Africains na waziri wa zamani, hakuwako kusikiliza. Aliuawa katika kambi ya Boiro mwezi Mei 1969, miezi miwili kabla ya tamasha.

Lagos, kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari 1977, ilijaribu kuwapatanisha Dakar na Algiers kwa jina lenye pande mbili: sanaa na utamaduni wa weusi na wa Waafrika. Senegali ilitaka Waarabu wazuiwe kushiriki kongamano la wataalamu. Naijeria, iliyojaa fedha za mafuta, ilikataa. Nembo ya tamasha ilikuwa kinyago cha pembe cha Malkia Idia wa Benin. Makumbusho ya British Museum yalikataa kukiazimisha, mafundi wakalazimika kuchonga nakala. Fela Kuti alijitoa, akapiga muziki wake katika ukumbi wake mwenyewe, na wageni wakamfuata huko. Tarehe 18 Februari, siku sita baada ya tamasha kufungwa, wanajeshi waliivamia na kuiteketeza nyumba yake.

Katika kongamano hilo ndipo suala la lugha, ambalo muziki ulikuwa umelifunika kwa muda, lilipojitokeza. Ilani ya Algiers ilikuwa imesisitiza umuhimu wa lugha za Kiafrika, nayo ilijadiliwa kwa lugha za kuazima. Wole Soyinka, ambaye lugha yake ya mama ni Kiyoruba, alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Chama cha waandishi alichokuwa katibu wake kilikuwa kimepitisha azimio hilo mwaka 1975. Pendekezo lilipigiwa makofi, likawekwa kando. Mwezi Julai 2004, Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyeishi Dar es Salaam akiwa mpigania uhuru wa FRELIMO, aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa wamejitayarisha.