Aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963 wanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ya friji ikawa ya kugombania. Mwanafunzi mmoja alipoweka maziwa bila kuyachemsha, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu aliona akisubiri atakosa nafasi. Akayaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yaliganda, ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimwambia kuwa yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto, ugande upesi.

Alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, wakasoma kanuni ya Newton ya kupoa. Akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa zima likaugeuza msemo huo kuwa utani.

Nikiwa mwalimu wa fizikia, hapo pananiuma. Kanuni ilikuwa ubaoni, friji ilikuwa maabara, na hakuna aliyevikutanisha ila kijana mwenyewe. Alasiri moja aliikuta maabara ya baiolojia wazi, hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili za sm³ 50, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja, bika ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu zaidi.

Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimwuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake walicheka, Osborne akaenda kulijaribu jambo hilo. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Waligundua kuwa utando wa mafuta juu ya maji huchelewesha kuganda kwa saa kadhaa: joto lilikuwa likitokea zaidi juu. Kanuni ya Newton huchukulia chombo kizima kina joto moja, kumbe ndani ya bika ile ile juu na chini hutofautiana.

Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia, wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kwaweza kubadili jibu. Hilo nalo nalifundisha. Nawapa wanafunzi bika na friji kwanza. Kanuni naiandika ubaoni wakishabishana kipimajoto kikae wapi.