Kuwahisha Cheche

Kwenye injini ya Volkswagen Beetle, kuseti taimingi ni kazi ya mkono mmoja. Unalegeza nati ya kibano chini ya distribyuta, unaizungusha distribyuta kidogo kinyume cha saa, na cheche inawahi. Ukiirudisha upande wa saa, inachelewa. Kitendo ni chepesi. Maneno ya kukieleza ndiyo yanayohitaji uangalifu, maana gereji zetu zimelibebesha neno moja la kukopa mizigo mingi mno.

Tuna taimingi ya cheni, taimingi ya belti na taimingi ya moto. Fundi akisema "taimingi imeruka", mwenye gari hajui kama ajiandae kununua valvu au kulipia marekebisho ya dakika kumi. Neno moto nalo lina mzigo wake. "Moto haufiki" ni umeme kutoka kwenye koili. "Moto ni mdogo" ni cheche ya plagi. "Moto unawahi" unaweza kuwa mwako wa petroli ndani ya silinda. Umeme, cheche, mwako: Kiswahili kina majina matatu safi, na muda uliopo kati ya cheche na mwako kukamilika ndio unaoifanya taimingi iwepo. Mwanafunzi anayeviita vyote moto hataelewa kwa nini plagi iwake kabla pistoni haijafika juu.

Sababu ni kwamba petroli hailipuki papo hapo. Mwako huchukua, kwa kukadiria, milisekunde mbili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huisha kwa milisekunde 20, kwa hiyo muda huo wa mwako ni sawa na nyuzi 36 za krenki. Cheche ikirushwa pistoni ikiwa tayari juu, nguvu inakuja pistoni imeshaanza kukimbia. Injini inakuwa nzito na joto linahamia kwenye ekzosi.

Hapa ndipo ninapolipenda neno kuwahi. Kuwahi basi ni kufika kabla halijaondoka. Ni kutangulia ili usikose. Cheche nayo hutangulia ili msukumo mkubwa uikute pistoni imegeuka tu kuanza kushuka. Wafaransa husema "kutanguliza uwashaji", Wajerumani hutaja "nukta ya wakati wa kuwasha". Sisi tuna kitenzi kinachobeba yote mawili, na jozi yake iko tayari: kuwahisha na kuchelewesha.

Kwa Beetle ya sisi 1600 yenye distribyuta ya Bosch 009, huanzwa na nyuzi 7.5 kabla ya kikomo cha juu cha pistoni. Alama ya puli hulinganishwa na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana, huku taa ndogo ya volti 12 ikionyesha pointi zinapofunguka. Pengo la pointi lisetiwe kwanza, milimita 0.4, kwa kuwa pengo likibadilika, taimingi nayo inabadilika. Mwendo ukipanda, vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta hutanuka na kuiwahisha cheche vyenyewe.

Kuwahi nako kuna mpaka. Cheche ikitangulia kupita kiasi, injini inagonga: mlio mkali wa kokoto ndani ya kopo, hasa mlimani. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mwako ni wa polepole zaidi na injini huvumilia kuwahishwa kidogo. Gari hilohilo likishuka Mombasa na kukanyagwa hadi mwisho, linaweza kugonga. Beetle iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962 ilipita katika tofauti kama hizo za mwinuko.

Kugonga nako tukutenganishe: kuna kugonga kwa mwako, na kuna kugonga kwa beringi iliyokwisha. Tiba ya kugonga kwa mwako ni kuzungusha distribyuta, ya kugonga kwa beringi ni kufungua injini nzima.

Neno taimingi lenyewe silitaki liondoke, limeshakuwa letu. Ninachowaomba wanaoandika vitabu vya mafunzo ya ufundi ni kwamba wasiliache peke yake. Waandike taimingi ya cheche, waseme imewahishwa au imecheleweshwa, kisha wataje ni nyuzi ngapi.