DAFTARI LA UANDIKISHAJI NA MATOKEO YA MTIHANI: FUNZO LA AZIMIO LA MUSOMA

Katika vikao na madarasa yetu husikika hoja kwamba shule za msingi za umma ziliharibika pale tulipoamua kuandikisha watoto wote. Wenye hoja hiyo hushika matokeo ya darasa la saba kama ushahidi. Kada hawezi kuijibu hoja hiyo kwa kelele. Yampasa aichambue kwa kutumia historia.

Chujio la mkoloni

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa shule za msingi Tanganyika hawakufika 500,000. Mkoloni alizigawa shule kwa rangi. Hata miongoni mwa watoto wa wakulima waliobahatika kuingia darasa la kwanza, wengi waliishia la nne. Wachache waliovuka walionekana hodari, na shule zao zikasifiwa. Lakini sifa hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na chujio, kwa sababu mtoto aliyebaki akichunga ng'ombe hahesabiwi kuwa ameshindwa mtihani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijiji kina watoto 100. Wakisoma 40 na kufaulu 20, shule hujivunia asilimia 50. Wakisoma wote 100 na kufaulu 30, asilimia imeshuka hadi 30, lakini kijiji kimepata watoto 10 zaidi waliofaulu. Anayetazama asilimia peke yake huona hasara mahali penye faida.

Uamuzi wa Musoma

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa mwaka 1962, na ada ya shule ya msingi mwaka 1973. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, ilikataa kungoja zaidi. Mipango ya awali ilitazamia elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1989. Chama kiliagiza ifikiwe Novemba 1977. Wanafunzi wa Tanzania Bara, waliokuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974, wakakaribia milioni 2.9 mwaka 1978. Mwaka huohuo Sheria ya Elimu ikafanya uandikishaji na mahudhurio kuwa lazima.

Watoto wakaja, mwalimu je? Vyuo vilivyokuwapo visingetosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, huku wakifundisha. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Wananchi wakajenga madarasa kwa kujitolea, na shule nyingi zikasomesha kwa zamu. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na inastahili heshima. Lakini idadi ya watoto ilikwenda mbio kuliko matayarisho ya mwalimu, na pengo hilo lilionekana darasani.

Baadaye zikaja bei kubwa za mafuta, vita vya 1978-79 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na uhaba wa fedha wa miaka ya 1980. Michango ya wazazi ikarudi. Ilipofika mwaka 2000, chini ya watoto 60 katika kila 100 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 ndio waliokuwa shuleni. Tuzingatie jambo hili: uandikishaji ulishuka, na ubora haukupanda. Mwaka 2001 waliofaulu darasa la saba walikuwa asilimia 29 hivi. Kwa hiyo, hoja kwamba wingi wa watoto ndio adui wa elimu haina msingi.

Kosa lilelile mara ya pili

Ada ikafutwa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Ufaulu ulifika asilimia 70 hivi mwaka 2006, kisha ukaanguka hadi 31 mwaka 2012. Mwaka huo watahiniwa walizidi 865,000, na waliofaulu walikuwa 266,000 hivi. Karibu watoto 600,000 walikaa shuleni miaka saba wakatoka bila kufaulu. Hesabu ya kijiji chetu cha mfano haitoshi kutuondolea deni hilo. Januari 2016 michango ya lazima nayo ilipoondolewa, madarasa ya kwanza yalifurika tena, na swali la mwalimu likarudi palepale.

Wajibu wa kada

Kwa hiyo tusikubali hoja ya kurudisha chujio, wala tusijifiche nyuma ya takwimu za uandikishaji. Matokeo yanaposomwa katika mkutano wa kijiji au mtaa, kada aulize: watoto wenye umri wa kwenda shule ni wangapi? Walioandikishwa ni wangapi? Waliofika darasa la saba ni wangapi, na waliofaulu ni wangapi? Kisha aulize walimu ni wangapi, wana nyumba za kuishi, na mara ya mwisho walipata mafunzo lini. Majibu ya maswali haya yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na yafuatiliwe katika kikao kinachofuata.