Sauti ya Bombay, Maneno ya Mvita

Anapotajwa mshairi wa Mombasa, mawazo ya wengi wetu humwendea Muyaka bin Haji, na ni haki yake. Lakini katika karne ya 20 beti nyingi za mji huo hazikuwafikia watu kwa njia ya kitabu. Ziliwafikia usiku wa arusi, kwa vinywa vya waimbaji wa kukodiwa, na mara nyingi kwa sauti ambazo waimbaji hao hawakuzibuni wao. (Nasema “sauti” kwa maana ya waimbaji wenyewe wa mwambao, yaani lahani.) Sehemu hii ya historia ya ushairi wetu imeachwa nje ya mitaala, na naona sababu yake ni dharau tu: husemwa kwamba vikundi vile viliiga nyimbo za filamu za Kihindi, na mwigaji hana cha kufundisha.

Kuiga hakukuanzia kwa Wahindi. Masimulizi ya Unguja yanaeleza kuwa Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilianza kwa kuimba Kiarabu, kwa mtindo wa Kimisri. Siti binti Saad ndiye aliyekipatia Kiswahili nafasi yake katika santuri, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ajabu ni kwamba aliyeiga Cairo ameitwa mstaarabu, na aliyeiga Bombay ameitwa mvivu. Sijapata kusikia hoja ya muziki inayotenganisha mawili hayo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia filamu za Kihindi zilienea pwani nzima. Awaara ya mwaka 1951 ilipendwa hata na watu wasiojua neno la Kihindi, na nyimbo zake zikaimbwa mitaani. Haikuchukua muda vikundi vya arusi vya Mombasa vikaanza kuzitia nyimbo za namna hiyo maneno ya Kiswahili, kwa kinanda na tabla. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye jina kubwa la mkondo huo. Maulidi Juma na kikundi chake waliufuata pia, wakauchanganya na chakacha ya wanawake. Santuri yao iliyotolewa Uingereza mwaka 1990 ilipewa jina la arusi ya Mombasa, na kwa haki, kwani huko ndiko walikokula jasho lao. Zein l'Abdin wa Lamu yeye alibaki na udi wake na sauti zenye asili ya Kiarabu na ya Kiswahili.

Sasa nije kwa linalotuhusu sisi wa mizani. Mshairi wa kawaida hutunga kwanza, kisha mwimbaji akatafuta sauti. Mtungaji wa nyimbo hizi alipewa sauti iliyokwisha kukatwa, akaambiwa aivishe. Chukua mfano huu ninaoutunga hapa hapa: “Bibi arusi katoka, leo ndiyo siku yake.” Ni mizani nane kwa nane, na mwanafunzi yeyote ataihesabu kwa vidole. Sauti ya filamu haijali vidole vyako. Kipande cha kwanza kikitaka pigo saba, Kimvita kinakuokoa kwa neno lake la nyumbani: “Biarusi katoka.” Kikitaka kumi, utasema “Bibi arusi leo katoka.” Kisha pana tatizo la mkazo, ambalo ni gumu zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti inapoangusha uzito wake kwenye silabi ya mwisho, neno “katoka” litasikika kama la mgeni anayejifunza lugha. Hapo mtungaji hupachika “we” au “ee” mwishoni ili ibebe uzito ule, na “katoka” ikabaki salama. Msomaji wa maandishi ataviona vijineno hivyo kuwa takataka za kujazia. Aimbe kwanza, ndipo ahukumu.

Katika miaka yangu ya ualimu niliwahi kuona shairi la namna hii likikatwa alama kwa kuwa na vipande visivyolingana. Vilikuwa vimelingana barabara, ila na sauti.

Kazi ya pili ya mtungaji ilikuwa fumbo. Mtu aliyesalitiwa, au mama mwenye neno na mkwewe, alimwendea mtunzi au mwimbaji kwa siri, akaeleza yaliyomsibu, akaomba wimbo. Usiku wa arusi wimbo ule ulipoimbwa, mwanamke mmoja aliinuka kwenda kutuza, noti juu mkononi, na waliojua walijua. Sauti iliyozoeleka ilisaidia sana: wasikilizaji hawakuhangaika kuijifunza, masikio yao yote yakawa kwenye maneno. Kwa hiyo sikubali kwamba sauti ya kuazima ilidhoofisha utungo. Iliuweka mbele.

Lakini siri ile ile ilimfunika mtunzi. Jina lililotangazwa lilikuwa la mwimbaji, na kanda ilipouzwa dukani ilikuwa na jina na picha ya mwimbaji. Baadhi ya watunzi tunawajua kwa kuwa walikuwa na njia nyingine ya kujulikana. Ahmad Nassir, aliyemtungia Juma Bhalo ambaye ni jamaa yake, alichapishiwa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyemtungia Zein, alijulikana kwa utafiti wake wa lugha. Wangapi hawakuwa na diwani wala utafiti? Leo kijana mwenye kinanda cha umeme anakodiwa arusini, anaimba wimbo wa miaka ya 70 kwa ufasaha, na ukimuuliza ni wa nani atakutajia mwimbaji.

Wanaojua jibu la kweli wapo bado Kibokoni, Kuze na Malindi, nao ni wazee. Ndugu msomaji uliye karibu nao, usiwaulize habari za muziki kwa jumla. Chukua wimbo mmoja, uwasikilizishe hadi mwisho, na uulize maswali mawili: maneno aliyatunga nani, na alitungiwa nani? La pili huenda wasikujibu. La kwanza liandike siku hiyo hiyo, na tarehe.