Meno ya biti na mwamba wa Usukuma

Ukichimba kisima Shishiyu, wilayani Maswa, udongo hausumbui. Kazi huanza chini yake. Mkoa wa Simiyu umelala juu ya miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, mingi ikiwa itale, na ndani ya itale mna kwatzi, madini makali yanayokula chuma bila huruma.

Mwaka 1974, Maswa ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, Uholanzi ilianza kufadhili visima vifupi mkoani humo, vilivyochimbwa kwa nguvu za mikono. Vilisaidia vijiji vingi, lakini mikono hufika kwenye itale ikakoma. Maji yaliyojificha katika nyufa za mwamba yanahitaji mtambo wenye kompresa, nyundo inayoshuka ndani ya shimo, na mbele ya nyundo hiyo biti yenye meno ya mviringo. Kila jino halizidi ncha ya kidole, na hapo ndipo uzito wote wa kazi unapoishia.

Jino hilo lilizaliwa kiwandani kwa watengeneza taa. Nyuzi za tungsteni za balbu zilivutwa kupitia matundu ya almasi, na almasi ilikuwa ghali. Mwaka 1923, Karl Schröter wa kampuni ya Osram mjini Berlin alichanganya unga wa kabaidi ya tungsteni, mgumu lakini mwepesi kuvunjika, na kobalti kidogo, kisha akaupasha moto hadi kobalti ikayeyuka na kuzishika chembe pamoja. Kampuni ya Krupp ilinunua haki za uvumbuzi huo na kuanza kuuza bidhaa yake miaka michache baadaye. Katika miaka ya 1940 Waswidi waliifunga kwenye ncha za vyuma vya kutobolea miamba. Kabla ya hapo, chuma kilichotoboa kipande kifupi tu cha mwamba mgumu kilikuwa butu, nacho kikarudishwa kwa mhunzi. Migodini watu walikuwa na kazi ya kubeba vyuma tu, asubuhi hadi jioni.

Wakati huohuo, jirani kabisa na Maswa, mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Almasi ilikwisha kutumika kutobolea miamba tangu karne ya 19, na sehemu kubwa ya almasi za dunia haifai kwa vito. Huishia viwandani na migodini.

Sasa tazama jino la kabaidi lililochakaa chini ya darubini. Vumbi la mwamba limekwangua kobalti kwanza, kwa kuwa ndiyo laini. Chembe za kabaidi zimebaki bila mshikaji. Nyingine zimepinda kwa mgandamizo, nyingine zimepasuka, nyingine zimeng'oka zikaacha vishimo. Ukiongeza kobalti, jino linastahimili kishindo lakini linaisha haraka; ukipunguza, linakuwa gumu na kupasuka. Ndiyo maana kiasi kinachotumika sana kwa miamba ni karibu asilimia 6.

Lipo na jambo la ajabu zaidi. Mwamba usiokwangua unaweza kulidhuru jino kuliko itale. Joto la kugonga na kupoa hutia uso wake nyufa ndogo ambazo wataalamu huziita ngozi ya nyoka. Kwenye itale, uso huo hukwanguliwa kabla nyufa hazijazama. Kwenye mwamba wa chokaa nyufa hubaki, zikaingia ndani, na siku moja jino linakatika.

Kobalti hiyo kwa miongo mingi imetoka zaidi Katanga, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili. Kolwezi, mji wake wa migodi, uliposhambuliwa mwaka 1978, bei ya kobalti ilipaa, na viwanda duniani vikaanza kutafuta namna ya kuitumia kwa uchache.

Kijijini hasara ya jino butu haionekani kwa jicho. Jino likiwa bapa, nyundo hugonga bila kupenya, dizeli inateketea na mita haziongezeki. Mafundi hushauri jino linolewe, bapa hilo linapofikia theluthi moja ya kipenyo cha jino. Meno ya pembeni ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwa kuwa yanashikilia upana wa shimo. Yakiisha, shimo huzidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka, na biti mpya ikishushwa hukwama katikati ya mwamba.