Mwalimu Aliyeanzia Darasani: Ualimu katika Bonde la Kilombero

Mwanachuo wa ualimu anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP kwa lugha ya vyuoni, huwa na azimio la kazi, andalio la somo na zana alizotengeneza usiku. Darasa halimtishi sana. Kinachomtisha ni mkufunzi atakayekaa dawati la nyuma, atazame dakika 40, aandike, halafu amwite pembeni. Mpangilio huu, yaani chuo kwanza, mazoezi, cheti, na kazi mwisho, tumeuzoea hata tunaudhani ndio wa asili, na kila mwalimu aliyepita njia nyingine tunamhesabu kuwa ni wa dharura. Historia ya Ifakara na bonde la Kilombero haiungi mkono dhana hiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mwalimu wa bonde alianzia darasani, na chuo, kama alikiona, alikiona baadaye. Hoja yangu ni kwamba kilichoamua ubora wa mwalimu huyo si miaka aliyokaa chuoni. Kilichoamua ni kama kulikuwa na mtu wa kuja kukaa lile dawati la nyuma.

Tuanze na neno lenyewe. Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien walipofungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, waliyemwita mwalimu alikuwa katekista: kijana aliyejua kusoma, kuandika na sala, akapelekwa kijijini kuwafundisha wengine hayo hayo. Vita vya Maji Maji, vilivyolifikia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, na njaa iliyofuata viliivuruga kazi hiyo, ikaanzwa upya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliondolewa, na kuanzia 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Mtu anaweza kupinga hapa kwamba katekista hakuwa mwalimu kwa maana tunayoijua, kwa kuwa alifundisha dini na kuchanganya na alfabeti. Ni kweli kwamba shule nyingi za aina hiyo hazikuwa na zaidi ya kibanda, ubao na kengele. Lakini watu wa kijijini hawakutofautisha, na hata leo katika parokia nyingi katekista huitwa mwalimu bila kigugumizi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba serikali ya Waingereza ilipotaka shule, ilijenga juu ya msingi huo huo. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, mwaka 1925 serikali na misheni zikakutana Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya 1927 ikaufunga mpango: shule isajiliwe, ikaguliwe, na ruzuku itolewe kwa shule yenye mwalimu mwenye cheti. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia maaskofu waliokusanyika Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kutimiza yote mawili, waache kanisa lisubiri ili shule iwe bora. Tangu hapo cheti kikawa fedha. Mtu aliyekuwa akifundisha miaka kadhaa akajikuta anatakiwa kuthibitisha kwamba anajua kufundisha.

Cheti hicho kilitafutwa mbali. Chuo cha serikali cha Mpwapwa kilianza 1926, na vyuo vikongwe vya mkoa wa Morogoro, Kigurunyembe, Ilonga na Mhonda, viko upande wa kaskazini, siyo bondeni. Aliyetoka Mlimba au Malinyi kwenda kusomea ualimu aliondoka kwao hasa, na aliyebaki alijifunza kwa kufundisha. Ndipo jiografia inapoingia. Mto Kilombero, ambao wengine huuita Ulanga, hukusanya maji ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga. Mvua za masika zikifika, uwanda mzima unageuka ziwa la majani, na kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi moja kinahitaji mtumbwi. Tena mpunga una ratiba yake. Familia huhamia mashamba ya mbali kwa miezi, hulala kwenye madungu kulinda ndege na nguruwe, na watoto huenda nao. Mwalimu mchanga anayebaki na nusu ya darasa anahitaji ushauri zaidi ya mwenzake wa mjini, na ndiye ambaye mkaguzi hawezi kumfikia. Padri akizungukia vigango aliweza kuangalia na shule, lakini naye alisafiri wakati njia zinapitika. Kwa hiyo usimamizi ulikuwa wa kiangazi. Sijui mfumo wowote wa kumlea mwalimu unaoweza kufanya kazi nusu mwaka.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Wakati huo vijiji vilikuwa vinaundwa nchi nzima, na bondeni Wachina na Watanzania walikuwa wameshatandika reli ya TAZARA iliyopita Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita hadi Mlimba. Watoto walikuwepo, vijiji vilikuwepo, walimu hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwaweka moja kwa moja shuleni. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine walisoma: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi aliyetakiwa kuwazungukia katika shule zao. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki 6 na kufanya mtihani. Kati ya 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilipata kwa njia hii walimu zaidi ya 35,000. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa chini ya milioni 2 katikati ya muongo, ilipita milioni 3 kufikia 1980.

Pingamizi linajulikana. "Mwalimu wa UPE" lilikuja kuwa tusi, na wapo wanaoona kushuka kwa elimu yetu kulianzia hapo. Silipuuzi. Kijana wa miaka 17 aliyejua hesabu za darasa la saba hawezi kumvusha mtoto mbali zaidi ya pale alipofika yeye, na hakuna usimamizi unaoziba pengo la maarifa. Hata hivyo, wanaolinganisha shule ya 1965 na ya 1980 wanalinganisha watoto tofauti. Shule ya 1965 ilikuwa ya waliochaguliwa, na wengi wa madunguni hawakuwemo kabisa. Isitoshe, mpango haukuandikwa kwamba kijana aachwe peke yake. Uliandikwa kwamba afuatwe. Miaka ya mwisho ya 1970 nchi iliingia vita vya Uganda na ukata wa fedha za kigeni, mafuta na vipuri vikawa adimu, na kitu cha kwanza kufa katika hali hiyo ni safari ya mkufunzi. Redio inahitaji betri, posta inahitaji gari. Anayekihukumu kizazi kile ahukumu kwanza baiskeli isiyokuwa na tairi.

Ushahidi wa upande wa pili upo Ifakara penyewe, na si wa ualimu. Mwaka 1957 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ilifungua maabara yake Ifakara. Mwaka 1961 wafadhili wa Basel wakaanzisha pale kituo cha kufunza watumishi wa afya wa vijijini, kilichozaa baadaye chuo cha waganga wasaidizi. Atakayesema chuo ndicho kinachotengeneza mtaalamu ataonyesha kidole huko: chuo kilijengwa, wataalamu wakatoka. Mimi naona kinyume chake. Kituo kile kilikuwa jirani na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwanafunzi alisoma asubuhi kuhusu malaria na mchana akamwona mgonjwa wa malaria, mkubwa wake wa kazi akiwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Akikosea kipimo cha dawa alisahihishwa saa hiyo hiyo. Mwalimu mtarajiwa wa bonde hakupata hata siku moja mazingira ya namna hiyo: darasa lake lilikuwa Mbingu na mkufunzi wake Morogoro.

Sera ya elimu ya 1995 iliweka kwamba mwalimu wa msingi awe angalau wa Daraja A, na wa daraja B na C wakapandishwa kwa kusoma kazini. Ada ya shule za msingi ilipofutwa 2002 na shule za kata zikaenea miaka michache baadaye, historia ikajirudia kwa kasi ya kuchekesha: vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha sekondari. Mtaani waliitwa vodafasta, jina la vocha ya simu inayoingia papo kwa papo. Safari hii maarifa ya somo hayakuwa tatizo kubwa, maana kijana wa kidato cha sita anajua fizikia ya kidato cha pili. Walichokosa ni kile kile walichokosa wa UPE na makatekista waliowatangulia.

Daraja la Kilombero, lililofunguliwa 2018 na kuitwa kwa jina la Magufuli, limeondoa foleni ya pantoni kati ya Ifakara na barabara ya Mahenge. Mkufunzi anayetoka Morogoro kumtazama mwanachuo wake anaweza sasa kuvuka mto kwa dakika chache hata Aprili. Kutoka barabara kuu hadi shule iliyo ndani ya uwanda, maji bado ni yale yale, na ratiba ya BTP huandikwa na mtu asiyeyaona.